Mzizi wa neno na wepesi wa hifadhidata

Katika idara moja tuliyoshiriki kazi yake, maneno ya matini za Kiswahili yalikuwa yamehifadhiwa katika hifadhidata ya mahusiano, yaani mkusanyo wa majedwali yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake, kwa mujibu wa nadharia aliyoitoa E. F. Codd mwaka 1970. Kila mtafiti alipotafuta maumbo ya kitenzi kimoja, seva ilikaa kimya muda mrefu. Barua ya kuomba fedha za mashine mpya ilikuwa imekwisha kuandikwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro haikuwa katika mashine bali katika namna ya kuiuliza, na kwamba mwanaisimu ana la kusema juu ya jambo hilo.

1. Faharasa na viambishi

Jedwali lisilo na faharasa husomwa lote, mstari kwa mstari. Faharasa ya kawaida ni mti wenye ngazi, ulioelezwa na Bayer na McCreight mwaka 1972. Tuseme kila ukurasa wake wabeba anwani 200: ngazi tatu zatosha kufikia mistari 8,000,000.

Lakini mti huo hufuata mpango wa kamusi, yaani huanzia herufi ya kwanza. Kwa Kifaransa mpango huo wafaa: aime, aimons na aimait hukaa pamoja. Kiswahili hutanguliza viambishi: ninapenda, walipenda, hawakupendana. Anayetafuta "pend" popote ndani ya neno huilazimisha seva kuuacha mti na kupitia jedwali zima.

Tena jibu lenyewe lina upungufu. Mpenzi na mapenzi hayatapatikana, kwa kuwa d imegeuka z mbele ya i. Naye atafutaye -la kwa njia hiyo ataletewa mlango, lakini na bila. Ipo faharasa ya vipande vya herufi tatu tatu, kama pg_trgm ya PostgreSQL, iharakishayo utafutaji wa katikati ya neno. Hata hivyo, haijui kwamba mapenzi yatokana na -penda, na mzizi wa herufi mbili hauipi hata kipande kimoja cha kushika.

2. Dawa yake

Dawa ni kuandika mzizi katika safu yake peke yake, au katika jedwali la mizizi linalounganishwa na jedwali la maumbo, kisha kuijengea safu hiyo faharasa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikuwa imekwisha kufuata busara hiyo, ilipokusanya minyumbuliko chini ya kitenzi chake. Uchanganuzi hufanywa mara moja, wakati wa kuingiza neno. Faida yake huvunwa kila swali linapoulizwa. Tusijenge faharasa kwa kila safu, hata hivyo, kwa maana kila neno jipya hulazimu faharasa zote zirekebishwe.

3. Kupima kabla ya kutibu

Amri EXPLAIN ANALYZE huonyesha njia iliyofuatwa na seva pamoja na muda uliotumika. Maneno Seq Scan yana maana kwamba jedwali limesomwa lote. Hilo si kosa ikiwa sehemu kubwa ya mistari yahitajiwa. Ni kosa ikiwa twataka mistari michache. Baada ya kuingiza data nyingi, amri ANALYZE huipa seva takwimu mpya za kuchagulia njia. Mwisho ndipo tutazame kumbukumbu: shared_buffers ya PostgreSQL huanza na megabaiti 128 tu, na kwa seva iliyotengwa kwa kazi hiyo, robo ya kumbukumbu yote ni mwanzo mzuri.

Katika idara ile, safu ya mizizi ilipokwisha kujazwa na kupewa faharasa, majibu yalikuja papo hapo, na mapenzi yakaonekana pamoja na -penda. Barua ya fedha haikutumwa. Mashine ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni sarufi.