Kabla ya kulipia mtoto mafunzo ya kazi, tuulize haya



Katika nyumba nyingi za hapa Lubudi, mtoto akimaliza masomo, au akiyaacha njiani kwa kukosa feza, swali linalofuata ni moja: atajifunza kazi gani? Mmoja anataka kushona, mwingine udereva, mwingine umeme, mwingine kuunganisha vyuma. Mama anauza makala, anauza unga, anangoja zamu yake ya likelemba, kisha analipa. Miezi inapita. Mtoto anarudi na karatasi yenye mhuri. Mwaka mmoja baadaye karatasi ingali ndani ya sanduku, na mtoto angali nyumbani.

Tumezungumza juu ya jambo hili mara nyingi katika mikutano yetu. Wengine husema kazi hakuna. Wengine husema kazi hupewa ndugu na jamaa. Maneno hayo yote mawili yana ukweli wake. Lakini kuna sababu ya tatu ambayo sisi wazazi tunaweza kuishika kwa mikono yetu: mtoto alifundishwa kushika chombo, lakini hakufundishwa kuingia kazini na kudumu kazini. Juma hili tunataka kueleza tofauti hiyo, na kuonyesha kwa nini tuna haki ya kuidai, hasa pale mafunzo yanapolipwa na feza ya watu wote.

Feza hiyo inatoka wapi?

Wengi wetu tunaijua INPP, Institut National de Préparation Professionnelle, ambayo ina vituo katika miji mikubwa ya inchi, Kolwezi ikiwemo. Iliundwa kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1964. Kazi yake ni kufundisha watu wasio na ufundi, kuwaongezea ujuzi wale walio kazini, na kuwasaidia wanaotaka kubadili kazi. Angalieni jina lenyewe: linasema juu ya maandalizi, yaani kumtayarisha mtu kwa kazi. Halisemi juu ya karatasi.

INPP hupata feza kutoka kwa waajiri. Sheria inamlazimisha kila mwajiri atoe sehemu fulani kulingana na mishahara anayolipa, na kiasi kinategemea hesabu ya wafanyakazi wake. Basi kampuni inapomwajiri baba, kaka au binti yetu, inatoa pia kitu kwa ajili ya mafunzo ya wengine. Hiyo si sadaka ya mtu.

Kuna pia feza ya madini. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inasema kwamba ushuru wanaolipa wachimbaji wakubwa, ule unaoitwa redevance, unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa chefferie, sekta, komini au mji ambamo mgodi uko, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na mgodi. Nayo hufanya mapatano nao katika karatasi inayoitwa cahier des charges. Humo huandikwa shule, visima, vituo vya afya, na mafunzo ya kazi pia yanaweza kuandikwa.

Hivyo, kituo kinacholipwa na feza kama hiyo kina deni kwetu. Tukiuliza kinafundisha nini na kwa namna gani, hatuingilii mambo ya watu. Ni mambo yetu.

Kuwa tayari kwa kazi ni nini?

Chukueni msichana aliyejifunza umeme. Anajua kuunganisha nyaya. Siku ya kuitwa kwa ajili ya kazi anafika saa nne badala ya saa mbili, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba saa mbili ni saa mbili kamili. Anaulizwa alifanya staji wapi, ananyamaza. Anapewa kontra ya Kifaransa, anatia sahihi bila kusoma. Baada ya mwezi anaambiwa muda wa majaribio umeisha, arudi nyumbani. Ufundi anao. Alichokosa ni mambo yanayozunguka ufundi.

Sisi tunayahesabu mambo hayo kuwa matano.

La kwanza ni nidhamu ya kazi: kufika kwa saa, kutoa habari unapougua, kupokea maagizo, kuuliza pale usipoelewa, na kufanya kazi pamoja na watu wa kabila na lugha mbalimbali.

La pili ni usalama. Mgodini au kiwandani, kofia ngumu, buti na miwani si mapambo. Mtu ambaye hajawahi kufundishwa kusoma alama za hatari, kuzima mashine kabla ya kuigusa, au kukataa kazi inayoweza kumuua, ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake. Hata fundi cherehani anapaswa kujua kuzuia moto wa pasi na waya wazi.

La tatu ni karatasi. Mtoto ajue kuandika barua ya kuomba kazi na ukurasa mmoja unaoeleza masomo na kazi alizofanya. Ajue kujieleza mbele ya mwajiri kwa Kifaransa chepesi, na kwa Kiswahili bila woga. Ajue pia kwamba sheria ya kazi inaomba cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba mwili wake unaiweza kazi ile.

La nne ni haki na wajibu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka mipaka ya muda wa majaribio: mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine, wala usizidi hapo. Tena muda huo lazima uandikwe. Mfanyakazi akilipwa, apewe karatasi inayoonyesha hesabu ya mshahara wake. Humo ataona kwamba asilimia 5 imekatwa kwa ajili ya CNSS, naye mwajiri anaongeza sehemu yake. Asiyejua kuisoma karatasi hiyo hawezi kujua kama amekatwa sawasawa. Na kwa kuwa kazi nyingi za migodini hupitia kampuni ndogo zinazofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa, mtoto ajue jina la mwajiri wake wa kweli, lile lililo kwenye kontra, siyo lile lililoandikwa kwenye lango.

La tano ni kutunza feza. Mshahara wa kwanza ukiisha kwa siku tatu, kazi itaonekana haina faida, na kijana ataiacha.

Walivyofanya jirani zetu

Mambo haya si ndoto. Kenya, serikali pamoja na Benki ya Dunia waliunda mradi wa vijana unaojulikana kama KYEOP, uliokubaliwa mwaka 2016, kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 waliokosa kazi. Kijana hakupelekwa moja kwa moja kwenye chombo. Alianza na mafunzo ya wiki 2 juu ya maisha na tabia ya kazi. Ndipo alipojifunza ufundi kwa miezi 3, kisha akafanya staji ya miezi 3 mahali pa kazi, huku akipewa posho ya kumsaidia.

Tunachokitaka kutoka kwa mfano huo ni mpango wake: tabia ya kazi ilikuwa na wiki zake katika ratiba, na staji ilikuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Kijana hakuachwa aitafute peke yake kwa kubisha hodi kwenye milango ya watu. Na posho ile ilijibu swali ambalo kila mama analijua: atakula nini na atapanda nini wakati anajifunza?

Kwa wasichana wetu

Kwa wasichana kuna mambo ya kuongeza. Vituo vingi, msichana akifika tu, humwonyesha cherehani au sufuria. Kushona na kupika ni kazi za heshima, na wengi wetu tumelea watoto kwa kazi hizo. Lakini kama mtaa mmoja una washonaji ishirini, yule wa ishirini na moja atamshonea nani? Msichana aonyeshwe pia umeme, udereva wa magari makubwa, kazi ya ghala, kompyuta, kisha achague mwenyewe.

Msichana mwenye mtoto mchanga atashindwa kama saa za mafunzo hazimpi nafasi ya kunyonyesha. Na kabla ya kuingia kazini ajue kwamba mama mwenye kontra ana haki ya likizo ya uzazi ya majuma 14, na kwamba wakati huo hupewa theluthi mbili za mshahara wake. Ajue pia kwamba mkubwa wa kazi akimtaka mwili ili ampe nafasi, hiyo ni kosa mbele ya sheria, na aambiwe mapema atamwendea nani. Jambo hili watoto hawawezi kulizungumza vema kama sisi wamama tunalifunika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga. Mkienda kwenye kituo, kiwe cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi, ulizeni haya, na majibu yaandikwe kwenye daftari:

1. Mafunzo ni ya muda gani, na ni saa ngapi za kushika chombo, ngapi za kuandika ubaoni?
2. Mashine ziko ngapi, na wanafunzi wangapi kwa mashine moja?
3. Usalama, barua ya kazi na sheria ya kazi vina saa zake katika ratiba?
4. Staji iko? Nani anaitafuta, kituo au mzazi? Ni ya majuma mangapi?
5. Karatasi ya mwisho inatolewa na nani, na waajiri wa Kolwezi na Fungurume wanaitambua?
6. Kati ya waliomaliza mwaka jana, wangapi wamepata kazi au wamefungua yao? Tunaweza kuzungumza na wawili?
7. Bei yote ni kiasi gani, pamoja na mtihani, vitambaa au vyuma, na karatasi ya mwisho?

Kituo kizuri hakitakasirika. Kikikasirika, hilo nalo ni jibu.

Kuna wale wanaompeleka mtoto kwa fundi wa mtaani. Njia hiyo ni nzuri, na mara nyingi inafundisha kuliko darasa. Lakini sheria inataka mapatano ya kufundishwa kazi yaandikwe. Ukurasa mmoja unatosha: muda, atakachofundishwa, kitakacholipwa. Bila hivyo mtoto atafagia karakana miaka miwili.

Na yeyote anayeomba feza ili auze nafasi ya kazi, tumkimbie. Mwenye kutafuta kazi aende ajiandikishe ONEM, ambayo ni ofisi ya serikali ya kuunganisha wenye kutafuta kazi na waajiri. Sheria inataka pia kontra iliyoandikwa ipelekwe na mwajiri kwa ONEM ili itazamwe.

Tunachoweza kufanya pamoja

Mama mmoja akiuliza, anaweza kupuuzwa. Kikundi cha wamama thelathini hakipuuzwi kwa urahisi. Tunapendekeza mambo matatu.

Kila kikundi kichague wamama wawili, mmoja awe anayesoma Kifaransa, waende kutembelea kituo kimoja na maswali yale saba. Wakirudi watoe habari mbele ya wote, ili feza ya mmoja isipotelee pale ilipopotelea ya mwingine.

Wale wanaokaa karibu na migodi waulize kwa chefu wao, au kwa kamati inayowawakilisha: katika cahier des charges kuna mafunzo ya kazi? Kama yako, yameandikwa kwa neno moja tu "mafunzo", au yameandikwa pamoja na staji, usalama na hesabu ya nafasi za wasichana? Neno moja tupu ni rahisi kulitimiza kwa karatasi zenye mhuri.

Tena, wale kati yetu wanaofanya biashara, wanaoshona, wenye mkahawa au duka, wapokee kijana mmoja kwa staji ya majuma machache, wamfundishe kufika kwa saa, kuhesabu feza ya mwenye mali, kusema na wateja. Tayari tunajua kazi hiyo. Ndiyo tuliyoifanya nyumbani tangu watoto wetu walipoanza kubeba maji.

Katika mkutano ujao kila kikundi kije na jina la kituo kitakachotembelewa na siku ya kwenda. Majibu mtakayoleta tutayaandika katika kurasa hizi, ili mama wa kijiji cha mbali, ambaye hana feza ya safari ya kwenda kujionea, naye ajue mahali pa kumpeleka binti yake.