Kijana Mkristo, ombi halifuti deni: Lipa usafishe jina lako CRB

UMEFUNGA na kuomba upate kazi. Umeitwa mahojiano, ukapita, na sasa mwajiri anataka vyeti: cha ushuru kutoka KRA, cha tabia njema kutoka kwa polisi, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB) na cha shirika la kurekodi historia ya mikopo, CRB. Hapo kwa CRB ndipo moyo unaanza kudunda. Unaukumbuka ule mkopo wa simu wa Sh2,000 uliochukua ukiwa mwaka wa pili chuoni, kisha ukatupa laini na kuendelea na maisha.

Vijana wengi wa kanisani wako hapo, na wengi huyaita mapambano hayo vita vya kiroho. Lakini kabla hujamkemea shetani, fahamu jinsi mambo haya yanavyofanya kazi.

Kenya ina mashirika matatu ya CRB yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kazi yao ni kuweka rekodi ya unavyokopa na unavyolipa. Ukilipa kwa wakati, huandikwa. Ukichelewa, pia huandikwa. Kutokana na rekodi hiyo unapewa alama. Metropol, kwa mfano, hutumia alama kati ya 200 na 900, na kadiri unavyopanda ndivyo mkopeshaji anavyokuamini. Kwa hivyo kuwa na jina CRB si aibu. Mtu yeyote aliyewahi kukopa benki yuko huko. Cha muhimu ni kilichoandikwa kando ya jina lake.

Mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mbovu. Kwa mujibu wa kanuni za 2020, deni la chini ya Sh1,000 halifai kukuharibia jina, na mkopeshaji anapaswa kukupa notisi kabla ya kukuripoti. Sasa kama ulitupa laini, notisi hiyo ilienda kwa simu iliyokufa.

Maandiko hayakunyamazia suala hili. Soma 2 Wafalme 4. Mjane mmoja anamlilia nabii Elisha kwa sababu mdai yuaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Marehemu mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini ucha Mungu wake haukulifuta deni. Elisha hamlaani mdai, wala hamshauri mama ahame mtaa usiku. Anamuuliza ana nini nyumbani. Ana mafuta kidogo tu. Mungu anayaongeza, na mama anaambiwa ayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Muujiza ulileta mafuta. Kuuza na kulipa ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Zaburi 37:21 nayo inamweka mwovu katika kundi la wanaokopa bila kulipa. Usiisome vibaya, ukadhani kukosa pesa ni dhambi. Kazi ni adimu, na hilo linaeleweka. Kosa ni kuwa nazo ukakataa kulipa, au kutokuwa nazo ukajificha badala ya kusema ukweli.

Hapa sasa ndipo penye ugumu. Kuna kijana anayechukua Fuliza Jumapili asubuhi ili "apande mbegu" na deni lake livunjwe. Rafiki yangu, pesa ya mkopeshaji haigeuki kuwa yako kwa sababu imepita madhabahuni. Katika Mathayo 5:23-25, Yesu anamwambia mwenye sadaka aiache kwanza, akapatane na ndugu anayemlalamikia, tena afanye haraka. Kumtolea Mungu ni kwema. Kukopa ili uonekane mtoaji huku umemzimia simu mdai wako ni jambo jingine kabisa.

Basi ufanye nini?

Kwanza, jua hali yako. Kanuni zinakupa haki ya kupata ripoti yako mara moja kwa mwaka bila malipo. Ichukue, uone ni nani anakudai na ni pesa ngapi. Ukikuta deni usilolijua, lipinge kwa CRB iliyotoa ripoti hiyo ili lichunguzwe.

Pili, mtafute mdai kabla hajakutafuta. Mwambie unachoweza kulipa kwa mwezi, hata kama ni Sh300, na uombe mkubaliane kwa maandishi. Usiahidi usichoweza kutimiza ili tu akate simu.

Tatu, tafuta "mafuta" yako. Una simu ya pili unayoweza kuuza? Unajua kusuka, kunyoa, kufunza watoto wa mtaa hesabu, kurekebisha kompyuta? Mjane hakuwa na mtaji. Alianza na kilichokuwa jikoni, na vyombo akaazima kwa majirani.

Nne, ukimaliza kulipa, dai uthibitisho na uhakikishe rekodi imerekebishwa. Historia ya kuchelewa haifutiki siku hiyohiyo. Hubaki kwa miaka kadhaa, ila sasa inaonyesha ulilipa. Jihadhari na wale wa mitandaoni wanaokuahidi "kukutoa CRB" kwa ada. Cheti cha kwanza hutolewa bure, na hakuna njia ya mkato.

Tano, jenga alama polepole. Kopa kidogo kwa jambo lenye faida, ulipe kabla ya siku. Usitume maombi kwa programu tano kwa usiku mmoja. Mkopeshaji akiona hivyo anajua umebanwa. Luka 14:28 inamzungumzia mtu anayeketi kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Piga hesabu kabla ya kubonyeza "kubali".

Sita, usiwe mdhamini ovyo. Mithali 6:1-5 inamshauri aliyejifunga kwa deni la mwenzake asilale mpaka ajinasue. Mwenzako wa kwaya akikuomba umdhamini kwenye sacco, au umkopee kwa laini yako, jiulize kama unaweza kulipa yeye akishindwa. Kama huwezi, mwambie hapana kwa upole. Jina litakaloharibika ni lako.

Na wewe uliyesoma kwa pesa za HELB, usingoje barua. Faini ya kutolipa ni Sh5,000 kila mwezi, na deni la mtu asiye na kazi hukua haraka kuliko mboga za mvua. Wapigie, waeleze hali yako.

Viongozi wa vijana nao wasiishie kuombea madeni. Waite ibada moja ya jioni, kila mtu aje na ripoti yake, asaidiwe kupanga jinsi ya kulipa. Asiye na kazi aunganishwe na mwenye kibarua.

Omba, ndiyo. Omba nguvu, hekima na kazi ya mikono. Kisha ukisema amina, mpigie mdai simu.