Mali ya Mtu, Mkono wa Dola na Mlango wa Hakimu: Mafunzo Kutoka Arusha

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himidi zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wengi wetu wa Unguja na Pemba tunaijua Arusha kwa baridi yake, kwa Mlima Meru, na kwa watalii wanaotoka mbugani kisha wakashuka kwetu pwani kupumzika. Lakini mji huo una jambo jengine linaloingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Ndiko lilikotoka Azimio la mwaka 1967 lililobadilisha uchumi wa nchi nzima, na ndiko iliko leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unapata somo moja: serikali inapoweza kuchukua bila ya kuulizwa, hasara haiishii kwa aliyechukuliwa. Hufika jikoni kwa kila mtu.

Makala hii haikukusudiwa kuwasema vibaya waliotangulia mbele ya haki. Wao wameshafika kwenye waliyoyatanguliza, na Mola wao ndiye mwenye kuhukumu. Tunachotafuta ni mazingatio.

Kiongozi mbele ya hakimu

Tuanze na kisa kilichopokewa katika vitabu vya historia ya Sahaba. Zama za ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (radhi za Allah ziwe juu yake), Msikiti wa Mtume (rehma na amani zimshukie) ulikuwa umewabana watu, na Umar akataka kuupanua. Nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa kwenye eneo hilo. Umar akataka ainunue, Abbas akakataa. Haja ilikuwa ni ya umma, tena ya msikiti, na aliyetaka alikuwa Amirul Muuminin. Pamoja na hayo hakutuma askari. Wawili hao walikwenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, na Ubayy akamhukumia Abbas. Umar akakubali. Baada ya kupewa haki yake, Abbas akaitoa nyumba ile kuwa sadaka kwa Waislamu.

Tazama mpangilio wake. Kiongozi ana haja ya kweli, mwenye mali ana haki yake, na baina yao yuko mtu wa tatu anayeweza kumwambia kiongozi "hapana" naye akasikia. Huyo wa tatu ndiye leo tunayemwita mahakama huru, Bunge lenye meno, na Katiba inayofuatwa.

Nini kiliamuliwa Arusha

Baina ya tarehe 26 na 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Arusha. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari. Malengo yake mengi yalikuwa mazuri: kujitegemea, kuwainua wakulima, na kuwazuia viongozi wasijitajirishe. Kiongozi hakutakiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha. Mwenye kupenda uadilifu hawezi kuyapinga hayo.

Mara tu baada ya kutangazwa, mabenki yakataifishwa, na nyuma yake yakafuata makampuni ya bima, viwanda vya kusaga nafaka na makampuni makubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliweza kuchukuliwa, na lile jengo lililokwisha kupita miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Wengi walioguswa walikuwa watu wenye asili ya Kihindi, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu. Sisi wa visiwani tulikuwa tumeshayaona kabla yao, kwani baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba na mashamba ya watu yalitaifishwa.

Wapo waliofurahi, kwa kuwa aliyechukuliwa alikuwa "yule", na si "sisi". Hapa ndipo penye funzo la mwanzo. Uwezo uliokubaliwa utumike kwa jirani hauishi kwa jirani.

Vizuizi vilivyokuwa vimeshaondoka

Mtu atauliza: wenye mali wangelalamika wapi? Katiba ya muda ya mwaka 1965 ilikuwa imeifanya nchi kuwa ya chama kimoja, TANU Bara na ASP Zanzibar. Haki za raia hazikuwekwa ndani yake kwa namna ambayo mtu angeweza kuzidai mahakamani. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila ya kumshtaki. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa chamani, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti vyao bungeni. Mwaka 1975 ikaandikwa ndani ya Katiba kwamba chama ndicho chenye kushika hatamu.

Kwa hiyo aliyeamua, aliyetekeleza na aliyepaswa kukagua wote walikuwa chini ya paa moja. Hakukuwa na Ubayy wa kuamua.

Uchumi ulivyoshuka

Uadilifu unatutaka tuseme kwamba si kila kilichoharibika kilitokana na Azimio. Bei ya mafuta ilipanda mara mbili katika miaka ya sabini, ukame ulipiga, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake Arusha ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha nyingi. Mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983, na Arusha, iliyotegemea wageni wanaopita Namanga wakitokea Nairobi, ikaumia sana.

Lakini yapo yaliyotokana na maamuzi ambayo hakuna aliyeweza kuyahoji. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa ifikapo mwisho wa 1976 watu wa vijijini wote wawe wanaishi katika vijiji vilivyopangwa, na wengi walihamishwa kwa nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mkulima wa kahawa wa miteremko ya Meru, ambaye alizoea kuwa na sauti katika chama chake, akajikuta anauza kwa mamlaka ya serikali isiyomuuliza kitu. Kosa linapofanyika mahali penye kuhojiwa hurekebishwa likiwa bado dogo. Pasipo na wa kuhoji hukaa likakua.

Matokeo yake wazee wetu wanayakumbuka: foleni ya sukari, ya sabuni, ya mafuta ya kupikia. Khanga ikawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Bidhaa zikahama madukani zikaingia kwenye magendo.

Mwaka 1983: msako wa wahujumu

Badala ya kuuliza kwa nini bidhaa zimepotea, jibu likawa kumtafuta aliyezificha. Mwishoni mwa Machi 1983 ulianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, ukisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwenyeji wa Monduli mkoani Arusha. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Sheria yenyewe ilipitishwa mwezi wa Aprili, baada ya watu kuwa wameshakamatwa, ikafanywa kuwa na nguvu kwa siku zilizokwisha kupita. Kesi zilipelekwa kwenye mahakama maalumu isiyokuwa na dhamana, wala wakili, wala rufaa. Wapo walioogopa mpaka wakatupa bidhaa zao usiku.

Sokoine alipendwa na watu wengi kwa kuwa hakuwa mla rushwa, na nia yake hatuna haki ya kuituhumu. Lakini nia njema haitoshi. Uislamu umeharamisha kuficha chakula ili bei ipande, na mtawala ana haki ya kumzuia mwenye kufanya hivyo. Ibn Taymiyya ameeleza kwamba inafaa mtawala kuingilia bei pale wafanyabiashara wanapowadhulumu watu. Hata hivyo, imepokewa kutoka kwa Anas kwamba bei zilipopanda Madina na watu wakamtaka Mtume (rehma na amani zimshukie) awapangie, hakukubali. Aliwabainishia kuwa mwenye kupanga bei ni Allah, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hakuna anayemdai dhulma ya damu wala ya mali.

Zingatia: Mtume mwenyewe aliihofia dhulma ya mali. Wanavyuoni wakaweka msingi kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Kumkamata mtu kwanza, kumtungia sheria baadaye, na kumnyima wa kumsemea ni kinyume cha msingi huo, hata kama kweli ana magunia ya sukari uvunguni.

Na je, bidhaa zilirudi kwa msako? Zilirudi baadaye, pale biashara ilipofunguliwa. Kuanzia 1984 wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na hapa Zanzibar mlango ulifunguliwa chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi (Allah amrehemu) kabla hajawa Rais wa Muungano mwaka 1985. Mwaka huo huo wa 1984 haki za raia ziliingizwa katika Katiba, ingawa mahakama zilianza kuzitumia mwaka 1988. Ile sheria ya 1983 ikafutwa, ikaja nyengine iliyoruhusu mawakili na kuzipeleka kesi Mahakama Kuu. Februari 1991 chama kilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Chakula na haki vilipungua pamoja, na vilirudi kwa kukaribiana.

Je, yamekwisha?

Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1984 bado ipo, na mashtaka ya utakatishaji fedha hayana dhamana. Novemba 2018 Benki Kuu ilifanya ukaguzi wa kushtukiza katika maduka ya kubadilisha fedha jijini Arusha, huku askari wenye silaha wakiyasimamia. Benki ilisema inapambana na fedha haramu, na hilo ni wajibu wake. Lakini maduka mengi yakafungwa nchini, na mwenye biashara akabaki na suali lile lile la zamani: nani atanisikiliza kabla sijafilisika? Nasi wa visiwani hatujasahau masheikh wetu waliokaa rumande Bara kwa miaka mingi, kisha mashtaka yakafutwa Juni 2021.

Hapa ndipo inapokuja ile Mahakama ya Afrika. Kabla yake, eneo hilo hilo lilikuwa na kisa chake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapa ardhi walowezi. Wameru wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasimama Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Hawakurudishiwa ardhi papo hapo, lakini walipata pa kwenda, na mkoloni akalazimika kujibu.

Tanzania huru iliwapa raia wake njia kama hiyo mwaka 2010, pale iliporuhusu mtu binafsi apeleke shauri moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha. Mmoja wa walioitumia ni Mchungaji Christopher Mtikila, mtu ambaye Waislamu wengi hawakupendezwa na maneno yake. Alidai haki ya kugombea bila ya chama. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuiziba njia hiyo. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikampa haki yake. Nasi tumefunzwa katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitupelekee kuacha uadilifu. Haki aliyoidai ilikuwa yetu sote.

Novemba 2019 serikali ikaiondoa ruhusa ile, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 raia na jumuiya haziwezi tena kufungua shauri jipya moja kwa moja. Jengo la mahakama lipo Arusha, majaji wapo, na mwenyeji wake ndiye aliyewafungia mlango watu wake.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusimshangilie mtawala anapomchukulia mali mtu tusiyempenda. Tuulize: ameshtakiwa? amesikilizwa? kuna ushahidi?

Pili, tuandike mambo yetu. Hati ya nyumba, ya shamba, mkataba wa duka, risiti za kodi, vyote viwe mahali salama na watoto wanajua vilipo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi.

Tatu, tuwanasihi viongozi kwa adabu na kwa njia za halali: kwa mbunge, kwa mwakilishi, kwa shekhe anayesikilizwa, na kwa kudai mlango ule wa Arusha ufunguliwe tena. Kunyamaza kwa hofu si subira, na fujo nazo hazimrudishii mtu nyumba yake.

Nne, wenye amana yoyote miongoni mwetu, wa kamati ya msikiti, wa wakfu, wa chama cha kuweka na kukopa, wakubali kukaguliwa. Tusimdai Rais ajibu maswali ambayo sisi hatutaki kuulizwa.

Tunamuomba Allah awape viongozi wetu moyo wa Umar wa kukubali kuhukumiwa, na atupe sisi moyo wa Abbas wa kutoa kwa ridhaa baada ya kupata haki.

Wallahu aalam.