Udhibiti wa Kimo cha Mwashoki katika Viwanja vya Makazi vya Pembezoni mwa Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mwashoki ni miongoni mwa miti ya mapambo iliyozoeleka sana katika makazi ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Huko Bunju, Mbweni na Wazo katika Manispaa ya Kinondoni, na vilevile Tuangoma, Kijichi na Chamazi katika Manispaa ya Temeke, miti hii hupandwa kwa mstari nyuma ya ukuta wa uzio, ikasimama kama nguzo za kijani zenye matawi yanayoning'inia kuelekea ardhini. Wenye nyumba huipanda ili kuzuia vumbi la barabara na macho ya wapita njia, na pia kuipa nyumba haiba. Baada ya miaka kadhaa, mche ulioletwa ukiwa katika kiriba huwa umepita paa na kuukaribia waya wa umeme. Ndipo huitwa kijana mwenye panga, na mti hukatwa kichwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini ukataji huo wa ghafla hautatui tatizo, na ni utaratibu gani unaoweza kuuweka mti katika kimo kinacholingana na kiwanja. Hoja kuu ni kwamba kimo cha mwashoki hudhibitiwa kwa majeraha madogo yanayoanza mapema na kurudiwa kila mwaka, wala si kwa jeraha moja kubwa linalokuja kwa kuchelewa. Suala hili si la urembo pekee. Mti uliokatwa vibaya hudhoofika, huwa hatari kwa waliomo ndani ya uzio, na mara nyingi huishia kung'olewa. Kwa namna hiyo mtaa hupoteza ujani ambao ulichukua miaka mingi kupatikana.

2.0 Jina na Umbile la Mti

Kwa asili, mwashoki ni mti wa kusini mwa India na Sri Lanka. Kitaalamu umejulikana kwa muda mrefu kama Polyalthia longifolia, ingawa tangu mwaka 2012 wataalamu wa uainishaji wameuweka katika jenasi ya Monoon. Umo katika familia moja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Jina lake la Kiswahili limetokana na neno la Kihindi ashok, nalo limeingia katika ngeli ya miti bila taabu: mwashoki, miashoki. Hata hivyo, ashok halisi inayoheshimiwa katika dini na fasihi ya India ni mti mwingine, Saraca asoca. Mwashoki uliazimwa jina hilo kwa sababu ya kufanana kwa majani.

Aina inayopendwa zaidi kwenye bustani ni ile iitwayo pendula, yaani yenye kuning'inia. Ina shina moja lililonyooka, na matawi yake ni mafupi, membamba, yanayoshuka karibu kabisa na shina. Majani yake ni marefu, yenye kung'aa na kingo za mawimbi, nao haupukutishi majani yote kwa msimu mmoja. Umbile hili ndilo linalowadanganya wapandaji. Kwa kuwa mti hautanuki, huonekana kama mti mdogo. Kumbe upana wake ndio mdogo, kimo chake kinaweza kupita mita 10 kwa urahisi.

Ikumbukwe kuwa si kila mti wenye matawi yanayoning'inia una tabia moja. Mvinje, unaopandwa sana katika ukanda wa pwani, unaweza kufikia mita 30, na ukikatwa chini huchipua kwa shida. Ficus benjamina, ambao ni wa jamii ya mikuyu, huvumilia mkasi mara kwa mara, lakini mizizi yake ni sumbufu kwa kuta na mabomba. Mwashoki uko katikati: huchipua tena unapokatwa, ila namna unavyochipua hutegemea mahali na wakati wa kukatwa.

3.0 Uhusiano wa Kiwanja na Mti

Makazi mengi ya pembezoni yamekua kwa kasi katika miongo miwili iliyopita. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Mivumoni na Tuangoma, pamoja na Kibada ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Temeke na sasa imo Kigamboni. Nje ya maeneo yaliyopimwa, viwanja vingi vimegawanywa na kuuzwa na wamiliki wenyewe. Kipimo ambacho wanunuzi wengi wamekizoea ni mita 20 kwa 20.

Tuchukue kiwanja cha kipimo hicho chenye nyumba ya mita 12 kwa 12 katikati. Kila upande hubaki mita nne tu kati ya ukuta wa nyumba na uzio. Mwashoki wa mita 10 uliopandwa kando ya uzio hauna upande wa kuangukia ambao ni salama: ukianguka ndani hupiga paa, ukianguka nje huingia kwa jirani au barabarani. Mti wa mita tatu ulio mahali hapohapo hauna hatari hiyo, na bado unaficha madirisha ya nyumba isiyo ya ghorofa.

Idadi ya miti nayo ina maana. Miche ikipandwa kila baada ya mita moja katika upande mmoja wa kiwanja hicho, itakuwa takribani 20. Katika pande mbili itakuwa 40. Miti 40 inayohitaji kupogolewa mara mbili kwa mwaka ni kazi 80 kila mwaka. Mwenye nyumba anayeikadiria gharama hiyo kabla ya kwenda kwenye kitalu huenda akaamua kupanda kila baada ya mita mbili, au upande mmoja pekee. Kwa hiyo, uamuzi wa kwanza wa kudhibiti kimo hufanywa siku ya kupanda. Aidha, inafaa mche ukae angalau mita moja na nusu kutoka kwenye uzio, ili mtu mwenye ngazi aweze kuuzunguka baadaye.

4.0 Kinachotokea Kilele Kinapokatwa

Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka chini na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue kwa nguvu. Hii ndiyo sababu mwashoki hubaki na shina moja. Ncha ikiondolewa, kizuizi hicho huondoka. Macho yaliyo chini kidogo ya mkato huamka kwa pamoja na kutoa machipukizi kadhaa, yote yakishindana kwenda juu. Baada ya miaka miwili au mitatu bila matunzo, mti uliokuwa na kilele kimoja huwa na vilele vinne au vitano, na kimo cha awali hurudi. Umbile la nguzo hupotea, na mahali pake hubaki fagio lililogeuzwa.

Tatizo la pili ni udhaifu. Tawi lililokua pamoja na shina tangu mwanzo limefungamana nalo ndani kwa ndani, lakini chipukizi la kwenye mkato mkubwa hushikiliwa na tabaka jembamba la nje. Linapokuwa refu na zito, upepo wa kusi au dhoruba hulibandua. Kimbunga Hidaya, kilichoifikia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, kilikumbusha kwamba pwani hii haiko nje kabisa ya njia ya pepo kali.

Tatizo la tatu ni kuoza. Katika miaka ya 1970 na 1980, Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti katika Huduma ya Misitu ya Marekani, alipasua magogo mengi ili kuchunguza majeraha ya ndani. Alionyesha kuwa mti hauponyi kidonda kama mwili wa mnyama unavyofanya. Mti hulizungushia jeraha ukuta wa kinga, kisha huendelea kuotesha mbao mpya nje yake. Jeraha lenye unene wa kidole hufunikwa upesi. Jeraha lenye unene wa paja hubaki wazi kwa miaka, maji hutuama, na kuvu hupata nafasi ya kushuka hadi katikati ya shina. Kupaka rangi au oili chafu juu ya mkato hakuzuii kuoza huko.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

5.1 Mti mchanga

Kwanza, mwenye nyumba achague kimo anachokihitaji, kwa mfano mita tatu. Pili, mti ukifika mita mbili na nusu, ncha yake ikatwe juu kidogo ya jicho lenye afya. Mkato huwekwa chini ya kimo lengwa kwa sababu machipukizi yatapanda juu yake. Tatu, machipukizi yakishatokeza, lichaguliwe moja lililonyooka na mengine yaondolewe yakiwa bado laini. Nne, kila mwaka chipukizi hilo lifupishwe mara mbili. Kwa njia hii hakuna jeraha linalozidi unene wa kidole gumba, na mti hubaki na sura yake.

5.2 Mti uliokwisha kurefuka

Mwashoki wa mita 10 usishushwe hadi mita nne kwa siku moja. Kanuni ya jumla ni kutoondoa zaidi ya robo ya majani kwa wakati mmoja, kwani majani ndiyo jiko la mti. Kwa kuwa majani ya mwashoki yametandaa kando ya shina lote, robo ya kimo hukaribiana na robo ya majani. Mkato wa kwanza utaushusha hadi mita 7.5, wa pili hadi takribani mita 5.6, na wa tatu hadi takribani mita 4.2. Ukifanyika mkato mmoja kwa mwaka, kazi itachukua miaka mitatu, na kila mwaka machipukizi ya ziada yapunguzwe.

Hata hivyo, utaratibu huu hauondoi ukweli kwamba shina la chini ni nene na jeraha lake ni kubwa. Ikiwa mti uko mbali na nyaya na nyumba, ni afadhali uachwe urefuke. Ikiwa uko mahali pasipofaa kabisa, kuung'oa na kupanda mwingine kwa mpango kunaweza kuwa uamuzi bora kuliko kuukatakata kila mara.

5.3 Majira na zana

Wakati mzuri wa mkato mkuu ni Juni, masika yakiwa yamekwisha na udongo ukiwa bado na unyevu. Mkato mwepesi wa pili unaweza kufanyika Septemba, kabla ya mvua za vuli. Wakati wa masika, majeraha hukaa majimaji na ngazi huteleza. Januari na Februari, jua kali huunguza gome lililokuwa limefunikwa na majani. Mkasi wa kupogolea na msumeno mkali hutoa mkato safi, ilhali panga hupasua shina. Tawi la pembeni likiondolewa, likatwe nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye maungio yake na shina, bila kuacha kisiki wala kuuchonga uvimbe huo. Majani yaliyokatwa yanafaa kuwa matandazo chini ya miti.

6.0 Umeme na Ujirani

Mti mbichi hupitisha umeme. Mti uliofika kwenye waya au kuukaribia usiguswe na mwenye nyumba wala kibarua wake. TANESCO wapewe taarifa ili kazi ifanywe na mafundi wao. Kwa upande wa jirani, busara ni kuzungumza naye kabla ya kukata, hasa pale ngazi itakapolazimika kusimama upande wake. Mgogoro ukitokea, ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kuanzia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kimo cha mwashoki ni matokeo ya maamuzi matatu: mahali pa kupanda, idadi ya miche, na mwaka wa kuanza kupogoa. Mkasi unaotumika katika mwaka wa pili au wa tatu hufanya kazi ambayo msumeno wa mwaka wa kumi hauwezi kuifanya. Wauzaji wa miche kandokando ya barabara wana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu wao ndio hukutana na mnunuzi kabla shimo halijachimbwa. Wakimweleza kwamba mche wenye kimo cha mtoto utapita paa la nyumba yake, watakuwa wameokoa mti na paa pia.