Fahamu: Jinsi Majengo ya Bunge la Kenya yalivyokua
Wabunge wa maeneobunge ya Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga wakifika Nairobi hufanya kazi katika majengo ya vizazi viwili.

Jengo lenye mnara wa saa lilichorwa na msanifu Amyas Connell, likajengwa miaka ya 1950, Kenya ikiwa koloni. Juu ya lango kuu yamechongwa maneno ya Kiingereza yanayotaja ustawi wa jamii na utawala wa haki. Miaka ya 1960 likapanuliwa.

Katiba ya 2010 ilirudisha Seneti na kuongeza maeneobunge kutoka 210 hadi 290. Ofisi zikawa haba. Ndipo likajengwa Bunge Tower, jumba la ghorofa 28 la ofisi na vyumba vya kamati, lililofunguliwa Aprili 2024.