Kutu Chini ya Zulia

Kulipaka rangi gari kuukuu ni kazi ya siku mbili tatu, lakini kuitengeneza sakafu yake ni kazi nyingine kabisa. Hapa kwetu pwani si ajabu kuliona gari la zamani liking'ara nje kama sinia ya shaba siku ya Idi, na ukiinua zulia lake ukaiona barabara. Ndiyo maana ya wazee waliposema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Tuchukue mfano wa Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa kobe. Ni gari lenye historia, maana zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwaka 2003. Katika Afrika Mashariki sifa zake zilienea kwa mashindano ya Safari, iliposhinda mwaka 1954, ikarudia 1957 na tena 1962. Zilizobaki hivi leo zinapendwa kama vyombo vya urathi. Baba aliendesha, na mwana ataka kuendesha.

Sakafu ya gari hili si kipande cha kukanyagia tu. Katikati pana uti wa mgongo, yaani mfereji wa chuma uliofunikwa, upitao kutoka mbele hadi nyuma. Kulia na kushoto ya uti huo yameungwa mabati mawili, na bodi nzima imekaa juu yake na kukazwa kwa bolti. Viti navyo vimeshikwa na reli zilizo juu ya mabati hayo hayo. Kwa hivyo sakafu ikiliwa na kutu, kilichooza ndicho kilichombeba dereva na jamaa zake.

KUTU HUANZIA WAPI?

Chumvi huvuta unyevu, na hewa ya bahari imejaa chumvi. Mchanga wa ufuoni huingia na viatu, mvua ya masika hupenya kwenye mipira ya madirisha iliyokauka, na zulia hunywa maji yote hayo likakaa nayo wiki nzima. Bati chini yake halipati nafasi ya kukauka. Tena betri ya gari hili imewekwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na maji yake makali yakimwagika hulila bati haraka. Basi mwenye kutaka kujua hali ya gari aanze hapo. Atoe kiti, atoe betri, agonge kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia, na lililooza huitika kama kadibodi.

KIRAKA AU BATI JIPYA?

Hapo ndipo fundi hujulikana. Wako wanaolaza kiraka juu ya kutu, wakapaka lami nzito, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Lakini kutu iliyofunikwa haijafa. Unyevu umefungiwa pamoja nayo, nayo huendelea kula kwa siri. Fundi wa jahazi wa Lamu hawezi kufanya hivyo. Akikuta ubao umeoza huung'oa, akatia mwingine uliochongwa kwa kipimo chake, kisha ndipo akatia kalafati ya pamba na mafuta. Anajua kwamba bahari haidanganyiki.

Kazi ya bati nayo ina taratibu zake. Kwanza ni moto. Mrija wa petroli wa gari hili hupita ndani ya ule uti wa mgongo, karibu kabisa na mahali pa kuchomelea. Fundi asiyetoa tangi, akauondoa mrija na kuhakikisha hapana mvuke uliobaki, anacheza na roho za watu. Pili, gari likae sawa juu ya vigogo imara, na lifanyiwe kazi upande mmoja baada ya mwingine. Ikiwa kingo za chini ya milango nazo zimeoza, nafasi ya mlango itiwe vyuma vya kuishikilia kabla ya kukata, ama bodi itainama na milango haitafunga tena.

Bati bovu hukatwa mpaka kwenye chuma kisafi, na kutu iliyobaki husuguliwa kwa brashi ya waya. Bati jipya huwekwa na kubanwa kwanza bila kuchomelewa. Hapo hujaribiwa viti, hutazamwa matundu ya bolti, hufungwa milango. Vikikubali vyote ndipo moto uwashwe, tena kwa vituo vifupi vilivyo mbalimbali, kwani joto likikaa pahali pamoja hulipinda bati. Mwisho maungio huzibwa, rangi ya kuzuia kutu hupakwa juu na chini, na ukanda wa mpira ulio kati ya bodi na sakafu hutiwa mpya.

AMANA YA FUNDI NA MUUZAJI

Kazi hii huchukua siku nyingi na gharama yake si haba, na hapo ndipo shetani hupata mlango. Rangi mpya na zulia jipya huongeza bei upesi kuliko sakafu mpya isiyoonekana. Lakini ndugu msomaji, sisi tumekwisha fundishwa. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke kile kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hana nafasi katika kundi lake.

Lundo lile lilikuwa kavu juu na bichi chini, na gari lenye sakafu mbovu chini ya zulia jipya ni lundo lile lile. Tofauti ni kwamba chakula kilicholowa humpa mnunuzi hasara ya fedha, na reli ya kiti iking'oka njiani huenda ikamkosesha maisha. Kwa hivyo mnunuzi asione haya kuomba zulia liinuliwe. Na muuzaji mcha Mungu asingoje kuombwa, aliinue mwenyewe, aseme, "Hapa pana ila," kisha wapatane bei.