Simone Signoret, mama aliyekubali kuzeeka

Juma hili tunamsimulia Simone Signoret, mcheza filme wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1921 huko Wiesbaden, Ujerumani. Baba yake, Kaminker, alikuwa Myahudi. Wakati wa vita baba alikimbilia London, na Simone akabaki Paris akiwa na mama na wadogo wawili wa kulisha. Kwa jina la Kaminker hangepewa ruhusa ya kazi, na uhai wenyewe ulikuwa hatarini. Akachukua jina la ukoo wa mama yake, Signoret, akacheza sehemu ndogondogo bila karatasi.

Mwaka 1960 alipata Oscar kwa filme ya Uingereza, Room at the Top. Wengi hapo wangeanza kuficha mikunjo. Yeye aliacha uso wake uzeeke watu wakiuona. Mwaka 1977, katika La Vie devant soi, alikuwa Madame Rosa: mzee, mgonjwa, mwenye kupanda ngazi hadi ghorofa ya sita akihema, akilea watoto wa wanawake wengine. Sisi tunaolea watoto tusiowazaa tunamjua huyo! Filme hiyo ilimpatia tuzo ya César. Alifariki mwaka 1985, akiwa na miaka 64.